Ini la Panya na Ini la Mtu: Jee, Yafaa Kumwumiza Mnyama ili Binadamu Apone?

Ndugu msomaji, katika maswali yanayoletwa na watu wanaoichungua dini ya Islam, liko moja ambalo zamani halikuulizwa sana, lakini siku hizi linazidi kusikika, hasa kwa vijana waliosoma sayansi. Wao husema: Ninyi mnafundisha ya kwamba Mwenyezi Mungu ni Rahmani, na ya kwamba rehema Yake imekienea kila kitu. Nasi tunajua ya kwamba katika maabara za wataalamu wamo panya wadogo wanaotiwa sumu makusudi, mpaka maini yao yaote makovu na kisha saratani, ili dawa zijaribiwe juu yao. Jee, dini yenu yalikubali jambo hili au yalikataa? Ikiwa yalikubali, rehema iko wapi? Na ikiwa yalikataa, mgonjwa ataponaje?

Swali hili ni la haki, wala aulizaye hastahili kukemewa. Tena si swali la watu wa mbali wenye maabara peke yao. Linamhusu mkulima wa Maretadu katika wilaya ya Mbulu sawasawa na linavyomhusu mtaalamu wa Ulaya, na tutaonyesha kwa nini.

UGONJWA WENYEWE

Ini ni kiungo kilichopewa na Muumba kazi ya kusafisha yaingiayo tumboni. Sumu nyingi tuzilazo hulifikia ini kabla ya kuenea mwilini. Likijeruhiwa mara moja, hujiponya. Lakini likijeruhiwa tena na tena kwa miaka mingi, mahali pa nyama njema huota makovu, ini likawa gumu na lenye vinundu. Hali hiyo madaktari huiita sirosisi, na juu ya makovu hayo ndipo saratani ya ini huzuka mara nyingi. Virusi vya homa ya ini, aina ya B na ya C, huleta makovu hayo, pombe huyaleta, na mafuta yanayojaa ndani ya ini, hasa kwa wanene na wenye kisukari, huyaleta pia.

Iko sababu nyingine ya saratani hii ambayo wakulima wetu hawana budi kuijua, nayo ni sumukuvu. Hii ni sumu itokayo katika ukungu unaoota juu ya mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 katika hao wakafa. Mwaka 2016 msiba kama huo ulifika Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Manyara ndiyo mkoa wenyewe ambamo Maretadu imo. Na katika vijiji vinavyoizunguka Hospitali ya Haydom, iliyo jirani na Maretadu na iliyofunguliwa mwaka 1955, watafiti wamepima miili ya watoto wadogo na kukuta dalili za sumu za ukungu katika wengi wao.

Hao waliokufa mara moja walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo haumwi leo, bali huenda akavuna saratani baada ya miaka mingi. Na ubaya huzidi mambo mawili yanapokutana. Katika utafiti uliotolewa mwaka 1994 kutoka Shanghai, nchini China, wataalamu waliona ya kwamba walioonekana na sumukuvu peke yake walikuwa katika hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi kuliko watu wengine. Wenye virusi vya aina ya B peke yake, mara 7. Lakini waliokuwa na vyote viwili, mara 59.

MAARIFA HAYA YALITOKA WAPI?

Sasa tujiulize: nani aliyetufundisha haya? Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa huko Uingereza. Wataalamu walifuatilia wakaona ya kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Hivyo ndivyo sumukuvu ilivyotambulikana. Mwaka uliofuata panya wakubwa waliolishwa mashudu ya namna hiyo walionekana na saratani ya ini. Na chanjo ya homa ya ini ya aina ya B, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1981, ilijaribiwa kwanza juu ya sokwe, kwa kuwa virusi hivyo havimshiki panya kwa kawaida. Sokwe hao ni wa jamii ile ile inayoishi Gombe, mkoani Kigoma.

Ajabu ni kwamba yule panya mdogo, akiisha kukua, haathiriwi sana na sumukuvu, kwani ini lake lina nguvu kubwa ya kuivunja. Lau wataalamu wangalimwuliza yeye tu, angaliwaambia ya kwamba sumu hii si kitu, na watu wangaliendelea kufa. Kwa hiyo mtaalamu anayetaka ushahidi wa kweli hulazimika kumfanya panya afanane na mgonjwa wetu. Saratani iliyopandwa katika ini zima la panya haielezi vizuri habari za mtu ambaye ini lake limejaa makovu. Na dawa inayovumiliwa na ini zima yaweza kumwua mgonjwa ambaye ini lake limechoka. Basi panya hupewa, angali mchanga, kemikali ya kuharibu jeni zake, kisha hupewa kwa wiki nyingi sumu nyingine, kama ile iitwayo kaboni tetrakloridi, mpaka ini lake liwe gumu. Ndipo saratani yake huwa kama yetu.

Hapo ndipo penye fundo, ndugu msomaji. Kadiri panya anavyofanana nasi, ndivyo ushahidi wake unavyozidi kuwa wa kweli. Na kadiri anavyofanana nasi, ndivyo tunavyozidi kukosa udhuru wa kuyadharau maumivu yake. Haiwezekani mtu aseme asubuhi, "Panya huyu ni kama mimi, kwa hiyo nitaushika ushahidi wake," na jioni aseme, "Panya huyu si kama mimi, kwa hiyo kuumia kwake si neno." Aliyeukubali mfanano hana budi kuikubali na haki inayotokana nao.

MAJIBU MAWILI MEPESI

Watu wengi hulikimbia fundo hili kwa kutoa mojawapo ya majibu mawili mepesi.

Jibu la kwanza ni la wale wasemao ya kwamba wanyama ni mali yetu, nasi tuwafanye tupendavyo. Ni kweli Kurani Tukufu inafundisha ya kwamba vilivyomo ardhini viliumbwa kwa manufaa ya binadamu (2:30, tukiihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza). Lakini Kurani hiyo hiyo inafundisha ya kwamba wanyama na ndege ni umma mbalimbali kama sisi, na ya kwamba nao watakusanywa kwa Mola wao (6:39). Aliye na Mola si mali ya mtu, bali ni amana mikononi mwa mtu. Mtume Mtukufu s.a.w. alieleza habari za mwanamke aliyestahili adhabu kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Alikataza kumfanya kiumbe hai shabaha ya mishale. Aliagiza ya kwamba mchinjaji anoe kisu chake, asimtaabishe mnyama. Na alionya ya kwamba hata ndege mdogo aliyeuawa bure atamshtaki aliyemwua Siku ya Kiyama.

Tena dharau ya mnyonge haina mpaka. Ikianza kwa mnyama haiishii kwa mnyama. Katika miaka ya 1950 na 1960, huko Willowbrook, New York, watoto wenye upungufu wa akili waliambukizwa homa ya ini makusudi ili ugonjwa uchunguzwe. Maarifa yalipatikana, nayo ni ya kweli. Lakini ulimwengu hadi leo wayataja mambo yale kwa aibu. Anayejizoeza kusema ya kwamba asiyeweza kujitetea hana haki, kesho atamkuta binadamu asiyeweza kujitetea.

Jibu la pili ni la wale wasemao ya kwamba mnyama asiguswe kabisa, hata wagonjwa wafe. Jibu hili lina sura ya huruma, lakini halikufika mwisho wa safari. Baada ya Vita Kuu ya Pili, walipohukumiwa waganga wa Kinazi waliofanya majaribio ya kikatili juu ya wafungwa, mahakama ya Nuremberg mwaka 1947 iliweka kanuni za majaribio juu ya binadamu; na mojawapo ni kwamba jaribio lijengwe juu ya yaliyojulikana kwanza kwa wanyama. Maana dawa mpya ni lazima ionjwe na wa kwanza. Akikataliwa panya, atakayetangulia kuionja atakuwa mtu, na kwa desturi ya dunia mtu huyo atakuwa maskini.

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake maarufu iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, alieleza ya kwamba huruma ya tabia peke yake bado si akhlaki njema. Hata mtoto anayo, na hata wanyama wanayo. Huwa akhlaki pale inapoongozwa na akili na kutumika mahali pake kwa wakati wake. Anayeona uchungu kuua minyoo iliyo katika kidonda cha mtu hana huruma kamili, kwani amemhurumia mnyoo akamsahau mwenye kidonda.

INI KATIKA MANENO YA MTUME S.A.W.

Yako mafundisho ya Mtume Mtukufu s.a.w. ambayo yanastahili kufikiriwa sana hapa. Alisimulia habari za mtu aliyemwona mbwa akiramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha. Na Mungu akamsamehe dhambi zake. Masahaba waliuliza kama kweli wana thawabu kwa ajili ya wanyama pia. Akawajibu ya kwamba iko thawabu katika kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe kilicho hai.

Tazama, ndugu msomaji: alipotaka kuvitaja viumbe vyote vilivyo hai kwa pamoja, Mtume s.a.w. alitaja ini. Nasi Waswahili twalijua jambo hili katika lugha yetu, kwani mtu aliyeumizwa sana moyoni husema amekatwa maini. Kiungo hicho hicho ambacho wataalamu wamekikuta kinafanana kwa mtu na kwa panya ndicho alichokitaja Mtume s.a.w. kuwa msingi wa huruma yetu kwa wote wawili. Mgonjwa wa Maretadu ana ini bichi, na panya wa maabara ana ini bichi. Asitajwe mmoja ili mwingine asahauliwe.

MASHARTI YA BAIATI

Anayetaka kujiunga na Jumuiya ya Waislamu Waahmadiyya hukubali masharti kumi ya baiati, yaliyotangazwa na Seyidna Ahmad a.s. mwaka 1889. Katika sharti la nne muumini huahidi ya kwamba hatawadhuru viumbe wa Mungu kwa msukumo wa matamanio ya nafsi yake, si kwa ulimi, si kwa mkono, wala kwa njia nyingine. Katika sharti la tisa huahidi kuwatumikia viumbe wa Mungu kwa ajili Yake, na kuwafaa wanadamu kwa nguvu zote alizopewa. Mwenye kufanya haraka ataona kana kwamba masharti haya mawili yanapigana katika jambo letu. La hasha! Sharti la nne linakataza dhara itokayo katika nafsi: ukatili, tamaa, uvivu, kiburi cha kutaka jina. Sharti la tisa linaamrisha utumishi kwa ajili ya Mungu. Yakishikwa pamoja yanatupa kipimo cha mambo manne.

La kwanza, haja iwe ya kweli. Kutafuta njia ya kumwokoa mgonjwa ni haja, kwani Mtume s.a.w. amefundisha ya kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa bila kuteremsha dawa yake. Kurudia jaribio lililokwisha jibiwa, ili tu mtu apate sifa ya kuandika, si haja.

La pili, pasiwe na njia nyingine. Kama jibu laweza kupatikana katika chembe za ini zilizokuzwa ndani ya chupa, au katika hesabu za wagonjwa wenyewe, basi panya aachwe.

La tatu, maumivu yapunguzwe mpaka mwisho wa uwezo: dawa ya usingizi itumike, idadi iwe ndogo, na mateso yasirefushwe. Wataalamu wawili wa Uingereza, Russell na Burch, waliandika mwaka 1959 kanuni tatu zinazofanana na haya: kumbadilisha mnyama kwa njia nyingine, kupunguza idadi, na kupunguza maumivu. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Tunafurahi, kwani ni kisu kile kile kinachonolewa.

La nne, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi: maarifa yaliyonunuliwa kwa maumivu ya kiumbe yamfikie anayeyahitaji, na akiisha kuyapata ayatumie. Kurani Tukufu inaamuru ya kwamba amana zirudishwe kwa wenyewe (4:59). Maarifa haya ni amana. Panya amekwisha lipa. Sokwe amekwisha lipa. Kama matunda ya malipo yao yamebaki katika vitabu, basi waliumizwa bure, na dhuluma hiyo haikufanywa na mtaalamu peke yake.

DENI LETU

Hapa ndipo swali linaporudi Maretadu na kumkuta kila mmoja wetu mlangoni kwake.

Dawa ya kumeza iliyokuwa ya kwanza kuthibitika kurefusha maisha ya mwenye saratani ya ini iliyoenea ilikubaliwa Marekani mwaka 2007, na katika jaribio kubwa lililoithibitisha ilirefusha maisha kwa karibu miezi 3. Si jambo la kudharauliwa, lakini linganisha na kinga. Tangu mwaka 2002 watoto wachanga wa Tanzania wamekuwa wakipewa chanjo ya homa ya ini ya aina ya B katika chanjo za kawaida bila malipo. Mzazi anayeacha kumpeleka mtoto wake kliniki kwa uvivu au kwa uvumi wa sokoni amekataa zawadi ambayo viumbe wengine waliumia kwa ajili yake.

Vivyo hivyo mahindi. Tumekwisha jua ya kwamba yapasa kuvunwa kwa wakati, kuanikwa juu ya turubai wala si juu ya udongo, na kuchambuliwa punje zilizovunjika na zenye ukungu. Hata kupima ukavu hakuhitaji mashine: tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, kisha acha itulie, chumvi ikiganda kandokando ya chupa, mahindi bado yana maji na hayafai kuwekwa ghalani. Ni jambo dogo, lakini nyuma yake wamo bata mzinga 100,000.

Na wewe mfanyabiashara, kumbuka ya kwamba Mtume s.a.w. alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta umaji ndani yake ilhali juu ni kavu. Alimwuliza mwenye nafaka kwa nini hakuiweka ile mbichi juu watu waione, akatangaza ya kwamba mwenye kudanganya si katika wafuasi wake. Nafaka mbichi iliyofichwa chini ya gunia! Wakati ule ilikuwa hila ya biashara. Leo tunajua ya kwamba yaweza kuwa kifo. Wako wasemao ya kwamba mahindi yenye ukungu wasiyale wao, bali wayapeleke kwa mifugo au kwenye pombe. Mfugo naye ana ini bichi, na sumu aliyokula ng'ombe hupita katika maziwa. Ama pombe, imekatazwa na Kurani Tukufu (5:91), nayo peke yake huota makovu katika ini. Ikitengenezwa kwa nafaka ya sumu, mnywaji hukusanya adui wawili katika kikombe kimoja.

Kwa hiyo jibu letu kwa aulizaye ni hili. Islam haimkatazi mtaalamu kumtumia mnyama pale ambapo uhai wa binadamu unahitaji na njia nyingine haipo. Lakini haimpi ruhusa ya kuusahau uchungu wa mnyama huyo, wala haitupi sisi ruhusa ya kuyapokea maarifa hayo na kuyatupa. Pengine utakuta mtaalamu aliyemwumiza panya kwa kutetemeka, akimwogopa Mungu, ana hesabu nyepesi kuliko mtu asiyewahi kumgusa panya, ambaye aliyajua haya yote akaacha kumchanja mwanawe, au akauza gunia alilolijua lina sumu.

Kurani Tukufu inasema ya kwamba amana ilitolewa kwa mbingu na ardhi na milima, vikaogopa kuichukua, na binadamu akaichukua (33:73). Amekwisha kuichukua, wala hawezi kuitua njiani. Mwenyezi Mungu atupe huruma yenye akili na akili yenye huruma, awaponye wagonjwa wetu, na atuwezeshe kuzirudisha amana zote kwa wenyewe, kubwa na ndogo, kabla ya kukusanywa mbele Yake sisi pamoja na kila chenye ini bichi. Amin.